Fungu Chini ya Benchi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja wa mvule uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la vifaa vya ujenzi la Jaffer, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani. Linatosha watu wanne bila kubanana, na kila mmoja ana mahali pake. Jaffer mwenye duka, ambaye watu humwita Misumari, hukaa upande wa mlango ili amwone mteja kabla mteja hajabadili mawazo. Anayefuata ni Uweso, fundi baiskeli, jina lake Spoku, mtu ambaye hata akipumzika spana haitoki mkononi. Kisha mzee Castory, Mkatoliki aliyefanya kazi miaka thelathini na mbili kwenye mashine ya kusugua nyuzi za mkonge, ndiyo maana akaitwa Brashi. Jumbe muuza kahawa hakai kamwe. Husimama na dele lake juu ya jiko la mkaa akigonganisha vikombe. Na mwisho kabisa, upande unaopigwa na jua la jioni, ni mahali pa Ernesti, dereva wa bodaboda, miaka ishirini na minne, Mlutheri, ambaye mpaka majuzi barabara nzima ilimjua kwa jina la Majani.

Alhamisi hiyo alipoegesha pikipiki, saa kumi kasoro dakika tano, Ernesti aliona mambo mawili yasiyo ya kawaida. Kwanza, Brashi alikuwa amekalia mahali pake. Pili, Spoku alikuwa amebana miguu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu, na nyuma ya visigino vyake kulikuwa na mfuko mtupu wa saruji uliofunika kitu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, — alijibu Brashi bila kusogea. — Kaa hapa katikati leo. Huku jua kali.

— Miaka mitatu naungua hapo, mzee hukuniona?

— Leo nimekuona.

Ernesti akakaa katikati. Jumbe akammiminia kikombe, akampa na kashata ambayo hakuiomba.

— Siku ya ngapi leo, Majani? — aliuliza Jaffer.

— Ernesti.

— Samahani. Siku ya ngapi, Ernesti?

— Ya kumi na tisa.

Wakatikisa vichwa polepole, kama watu wanaopewa habari za mgonjwa anayeendelea vizuri lakini hajatoka wodini. Ernesti akanywa kahawa. Ilikuwa tamu, ilikuwa moto, na ilikuwa na upungufu. Saa kumi ilikuwa saa ya shavu la kushoto kujaa, bablishi moja ya kuondoa uchungu, soda baridi, na maneno kuanza kutoka yenyewe. Sasa shavu lilikuwa tupu na ulimi wake ulikuwa unapita pale kila mara, kama mtu anayerudi kuhakikisha kuwa mlango umefungwa.

— Hebu nieleze tena, — alisema Spoku. — Umeacha mirungi, sawa. Watu wanaacha. Kengele inaingiaje humo?

— Ni ya dada Anjela, kiongozi wetu wa vijana. Yule mwalimu wa fizikia.

— Mwembamba, anatembea kama amesahau pasi juu ya nguo?

— Huyo huyo. Yeye anasema mtu akiacha kitu, saa yake inabaki wazi, na saa ikibaki wazi kile cha zamani kinarudi kukaa. Kwa hiyo kila mmoja aliandika saa inayomshika. Mimi niliandika saa kumi mpaka kumi na moja. Akaandika kwenye daftari lake la miraba, kisha umoja wa vijana ukanipa kengele.

— Kengele ya shaba?

— Shaba ya wapi, Spoku. Kipande cha reli ya troli za mkonge, kimetundikwa kwenye mwarobaini wa kanisani. Saa kumi na moja kamili nakigonga kwa nondo mara kumi na mbili. Wenzangu wanne wako majumbani. Wakisikia, kila mmoja anaacha alichoshika na kusema, "Bwana, saa hii ni yako." Kisha anafanya kazi aliyopangiwa, na ananitumia ujumbe kwamba amesikia.

— Na usipogonga? — aliuliza Jaffer.

Ernesti alizungusha kikombe mkononi. Hili hakuwa amewaeleza.

— Mara ya kwanza nilifika siku ya kumi na mbili. Mnaikumbuka siku hiyo, nilikuwa hapa hapa. Yule jamaa wa Horohoro akapita na mafungu yake ya mirungi, nikasema kijiti kimoja tu. Kengele haikulia. Kuna binti anaitwa Devota, yeye alikuwa anaacha pombe. Aliweka kiti mlangoni akasubiri. Saa kumi na moja ikapita, na nusu yake ikapita. Akanyanyuka akaenda kilabuni, na hakukanyaga kwenye umoja zaidi ya wiki mbili. Amerudi Jumatatu hii.

— Alikulaumu? — aliuliza Brashi.

— Alinisalimia vizuri. Afadhali angenilaumu.

Spoku, ambaye kimya humwasha kama upupu, akaiweka spana gotini.

— Mimi nimelifikiria jambo hili kitaalamu. Tamaa ya mirungi iko tayani. Taya ni mnyororo. Umezoea kuzunguka, ukiutoa ghafla pedeli inakwenda bure. Dawa ni kuupa kitu cha kuzungusha.

— Nimejaribu miwa. Nimejaribu ubuyu. Ulimi umechubuka.

— Kwa sababu vinaisha. Unahitaji kisichoisha. Nina tyubu ya baiskeli, mpira wa zamani, ule mzuri. Nakukatia kipande, nakiosha na sabuni.

— Yakhe, huyu anataka kwenda kwa Mungu, wewe unataka kumziba pancha, — alisema Jaffer.

— Tayani hamna kitu, — alisema Brashi. — Tamaa iko makalioni. Kiwandani kwetu mtu akikatwa kidole na mashine hakurudishwa pale pale, alipelekwa mashine nyingine. Kwa nini? Mwili unakumbuka mahali. Ndiyo maana leo nimekaa kwako. Ikija, initafute mimi.

— Imekuja?

— Nasikia joto fulani.

— Hilo ni jua, mzee, — alisema Jumbe.

— Mimi nasema iko kwenye saa, — alisema Jaffer, naye akainamisha kichwa kuelekea dukani, kwenye saa kubwa ya ukutani. — Nimeirudisha nyuma saa nzima tangu asubuhi. Saa kumi itampita bila yeye kujua. Atashtukia jioni imeingia.

Ernesti aligeuka. Mishale ya saa ile ilionyesha saa tisa na dakika chache.

— Mzee Jaffer. Ningegonga kengele kwa saa hiyo, ingekuwaje?

Jaffer aliigeukia saa, akamgeukia Ernesti.

— Una simu, — alisema.

— Ninayo.

— Basi. Simu nilikuwa nimeisahau.

Upepo ukapita kutoka upande wa bandarini, mwepesi tu, ukainua pembe ya mfuko wa saruji na kuirudisha. Mate yalijaa mdomoni mwa Ernesti kabla kichwa chake hakijaelewa. Jani la mgomba lililolowana, na ndani yake ule ubichi mkali, kama majani yaliyofyekwa asubuhi. Pua yake ilihesabu yenyewe: mali ya leo.

— Spoku, miguuni kwako kuna nini?

— Saruji.

— Saruji hainuki hivyo.

Spoku alimtazama Jaffer, Jaffer akamtazama Brashi, na Brashi akatazama jua alilokuwa analilalamikia.

— Mwambieni, — alisema Jumbe. — Mimi nilishawaambia tangu mwanzo.

— Ilikuwa nia njema, — alisema Jaffer. — Yule jamaa wa Horohoro alipita saa tisa akakuulizia. Tukasema akikukuta atakushawishi, na Devota amerudi Jumatatu tu... hapana, hilo la Devota nimelijua sasa hivi, lakini hata bila hilo. Tukasema tununue fungu lote, aondoke, usimwone. Wallahi tulijiona tuna akili.

— Mmenunua mirungi ili mimi nisile mirungi.

— Ukilisema hivyo linakuwa baya, — alisema Spoku.

— Kwa nini hamjalitupa?

Hapo ndipo ugomvi wao wa saa nzima ulipofumuka upya.

— Nimesema tangu saa tisa, liwekwe kwenye jiko, — alisema Jumbe.

— Moshi huo uingie nyumba zote hizi? — alisema Brashi. — Barabara nzima itakaa macho mpaka Jumapili. Kuna mtoto mchanga pale mkabala.

— Wapewe mbuzi wa jirani, — alisema Spoku.

— Usithubutu, — alisema Brashi. — Kule shambani mbuzi mmoja alikula mirungi ya msimamizi. Akapanda juu ya marobota ya mkonge, akakataa kushuka siku mbili. Alisimama tu, anatutazama. Watu walifanya kazi wiki ile kuliko wiki yoyote.

— Lipelekwe polisi, — alisema Jumbe.

— Na nani? — aliuliza Jaffer. — Mimi, mtu mzima, mwenye leseni ya biashara, niingie kituoni na fungu kwapani niseme nimelinunua kwa ajili ya kumsaidia Mkristo? Batool akija kuniletea chakula mahabusu nimwambie nini mke wangu?

— Basi lipelekwe Amani, — alisema Spoku. — Kule msituni kuna wataalamu, wana miti ya kila nchi. Tuwape waichunguze.

— Watachunguza nini, yamekatwa yale, — alisema Jaffer.

— Basi Tongoni. Tuchimbe kando ya magofu, tufukie. Hakuna atakayejua.

— Na miaka mia ijayo wachimbaji watalikuta, — alisema Brashi, — wataandika vitabu kwamba watu wa kale wa Tongoni walikuwa wanachana mirungi. Utakuwa umeharibu jina la marehemu wa watu.

Katikati ya ubishi huo Spoku alikuwa amelivuta fungu kutoka chini ya mfuko ili waone ukubwa wake, akalifungua jani la mgomba, Brashi akalipokea kulipima uzito, akalipitisha kwa Jaffer, na Jaffer, akipunga mikono kutetea hoja yake ya polisi, akalitua kwenye mapaja ya mtu aliyekuwa karibu. Mtu huyo alikuwa Ernesti.

Hakuna aliyeona mara moja. Yeye mwenyewe hakuona. Alikuwa anacheka habari ya mbuzi, anacheka kweli, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na alipotazama chini akakuta kijiti chekundu chekundu kiko kati ya vidole vyake, majani yamenyofolewa, ganda limemenywa mpaka nusu, safi, bila kukatika. Vidole vilikuwa vimefanya kazi yote bila kumwomba ruhusa. Kijiti kilikuwa kimefika usawa wa kidevu.

Wazee wakakiona, mmoja baada ya mwingine. Spoku alikuwa wa mwisho.

Ernesti alitaka kusema sala ile fupi. Alipata neno la kwanza, "Bwana", na baada ya hapo hakukuwa na kitu isipokuwa mate.

— Shikamooni.

Anjela alikuwa amesimama mbele yao, vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni, daftari la miraba limebanwa kifuani. Wazee waliitikia kwa sauti ndogo. Aliona kijiti. Aliona fungu. Ernesti alisubiri amnyang'anye, na sehemu fulani ya moyo wake iliomba afanye hivyo, ili liwe jambo la Anjela na si lake. Anjela hakunyoosha mkono. Aligeuza saa yake ndogo ya mkononi kuielekeza kwenye mwanga.

— Saa kumi na nusu, — alisema.

— Karibu kahawa, mwalimu, — alisema Jumbe. — Unapita?

— Napita. — Kisha akatikisa kichwa. — Hapana, sipiti. Nimekuja kwa makusudi. Niliingiwa na hofu darasani, nikawaachia wanafunzi zoezi.

Alifungua daftari, akalifunga tena. Ernesti alimtazama, akashangaa. Siku zote alidhani Anjela hupanga miraba yake kwa sababu ana hakika.

— Hata mimi naogopa, dada.

— Najua.

— Mzee Jaffer, una chokaa?

— Chokaa?

— Chokaa na ndoo ya maji.

Jaffer aliingia dukani kwa haraka ambayo wateja wake hawajawahi kuiona. Akatoka na ndoo na mfuko ulioanza kutumika. Ernesti alimimina chokaa, akamimina maji, akalitoa fungu kwenye jani la mgomba na kulizamisha lote. Akakoroga kwa ubao mpaka ukijani ukawa uji mweupe ambao hata mbuzi wa Brashi angeukataa. Mwisho akatumbukiza kile kijiti kilichomenywa. Hicho kilichukua muda kidogo. Vidole havikukiachia kwa urahisi.

— Bwana, saa hii ni yako, — alisema, wala si kwa sauti ya kusikika mbali.

— Amina, — alisema Brashi.

— Chokaa yangu ya daraja la kwanza, — alisema Jaffer.

— Tumelimaliza, — alisema Spoku, akijipiga goti kwa spana. — Mimi nilijua benchi hili halishindwi. Mirungi imekwisha, kijana mzima, mwalimu ameona kwa macho yake. Jumbe, mimina.

Furaha ikawarudia, na kila mmoja akaanza kueleza namna hoja yake ndiyo ilikuwa njiani kufika kwenye chokaa. Anjela aliwasikiliza mpaka wakapumzika.

— Wazee wangu, naomba kuuliza jambo dogo. Yule muuzaji, alipoona mnachukua fungu lote, alisemaje?

— Alishukuru, — alisema Spoku.

— Akaondoka?

— Akaondoka. Anacheka.

— Alisema kesho ataleta mawili, — alisema Jumbe.

Anjela aliandika, kisha akainua macho.

— Na kesho mtafanyaje?

Jaffer alitazama mikono yake yenye chokaa. Spoku aliikagua spana kana kwamba ameiona leo. Brashi alivua kofia, akaivaa tena. Jumbe aliinamisha dele juu ya kikombe cha Spoku. Likatoa matone matatu na masimbi ya kahawa, kisha halikutoa kitu.

Ernesti alisikia swali lile likimgeukia taratibu. Siku kumi na tisa alikuwa ameacha jani lakini amelinda saa yake: benchi lile lile, kahawa ile ile, jua lile lile, na kila siku akipita hapo kama mtu anayemuaga mgeni ambaye hajafungasha. Hata kengele aliigonga akitokea hapa, pumzi juu juu, dakika mbili kabla.

— Kesho saa kumi sitakuwa hapa, — alisema.

— Umetukasirikia, — alisema Brashi.

— Hapana, mzee.

— Tutakaa macho zaidi. Tutaweka zamu.

— Spoku, — alisema Ernesti, — adhana ikilia wewe unafanyaje?

— Naacha spana, naenda.

— Hata gurudumu likiwa juu?

— Hata likiwa juu. Mwenye baiskeli atanisubiri, si mgeni wa nchi hii.

— Huendi kwanza kukaa mahali pazuri zaidi mpaka dakika ya mwisho?

Spoku alitafakari. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

— Wanaofanya hivyo, — alisema, — mara nyingi swala huwapita.

— Basi mimi nitaondokea stendi, niende kanisani saa kumi kamili. Nitafagia uwanja. Nitapaka chokaa mawe ya njiani, mzee Jaffer akiniuzia isiyo na mirungi. Saa kumi na moja ikifika itanikuta chini ya mwarobaini.

— Na sisi? — aliuliza Brashi. Lilitoka bila kupangwa, na mzee akaonekana kulijutia.

— Nitakuja asubuhi. Saa mbili.

— Saa mbili kahawa hakuna, — alisema Jaffer. — Jumbe hafiki kabla ya saa nne tangu nimjue.

— Nitafika, — alisema Jumbe, akaanza kuvikusanya vikombe.

Ernesti akavaa kofia ya pikipiki. Brashi alinyanyuka kutoka mahali pale pa jua, akapafuta vumbi kwa kiganja.

— Asubuhi jua linapiga upande wa pili, — alisema. — Pako patakuwa kivulini.

— Nenda, Majani, — alisema Jaffer. — Nenda, Ernesti. Na ukipita hapo usiitazame saa yangu.

Saa kumi na moja kamili Ernesti aliinua nondo. Alihesabu kwa midomo, kumi na mbili, na kila pigo lilimpanda kutoka kiganjani mpaka tayani, likatulia pale. Kisha akatoa simu. Ujumbe wa kwanza uliingia kabla reli haijaacha kutetemeka: "Nimesikia." Wa pili ukaingia, na wa tatu. Akasubiri. Anjela alisimama kando yake, kalamu juu ya mraba wa nne.

Dakika mbili zikapita. Zikawa nne.

— Huenda simu haina chaji, — alisema Anjela, kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

Ernesti aliirudisha simu mfukoni. Alirudi kwenye reli, akapanua miguu, akagonga upya, mara kumi na mbili nyingine, kwa nguvu ya mabega yote, mpaka kunguru wakautoka mwarobaini na mwinjilisti akachungulia dirishani kuuliza kama kuna msiba.

Simu ikatikisika mfukoni.

"Nimesikia tangu ya kwanza. Nakanda maandazi, mikono imejaa unga. Devota."

Alimpa Anjela asome. Kisha akaiegemeza nondo kwenye shina, upande wa kulia, chini ya reli, mahali ambapo kesho ataikuta, akaenda kutafuta ufagio.